Kilosa: Nani Anashika Muhuri wa Kijiji?

Mkulima wa Rudewa akitaka kuuza ekari zake mbili, mfugaji wa Mabwegere akihitaji kutambulishwa kwa afisa mifugo, mama wa Ruaha akitafuta barua ya kumdhamini mwanawe aliyelala polisi, wote huanzia mlango mmoja. Si mlango wa mbunge wala wa mkuu wa wilaya. Huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha huenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake, kule uliko muhuri. Bila muhuri huo karatasi haiendi popote, iwe ya benki, ya mahakama ya mwanzo au ya shule.

Ndiyo maana uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao vyombo vya habari huuchangamkia wiki mbili kila baada ya miaka mitano kisha huuacha, unagusa maisha ya watu wa Kilosa na Mikumi kuliko uchaguzi mwingine wowote. Na kwa maoni yangu hiyo hiyo ndiyo kura dhaifu kuliko zote tulizo nazo. Wananchi hawaipuuzi. Imedhoofika kwa sababu mambo yake makubwa huamuliwa kabla ya siku ya kupiga kura: nani ameandikishwa, fomu ya nani imepita, chama gani kimemdhamini.

Kwanza tutenganishe chaguzi mbili ambazo hata wasomi huzichanganya. Diwani huchaguliwa pamoja na rais na mbunge, chini ya tume ya uchaguzi. Mara ya mwisho ilikuwa 29 Oktoba 2025. Mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla, chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa kanuni zake na orodha yake ya wapiga kura. Mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Wilaya ya Kilosa, yenye majimbo mawili ya Kilosa na Mikumi, ina kata 40 na vijiji vinavyokaribia 140. Kwa hiyo kuna madiwani 40 wa kuchaguliwa, pamoja na wale wa viti maalumu, na chini yao kuna maelfu ya wenyeviti na wajumbe. Halmashauri ya kijiji kimoja tu ina watu 15 hadi 25, na angalau robo yao lazima wawe wanawake. Huu ndio uongozi wa umma ambao mtu wa kawaida anaweza kuufikia kwa miguu.

Kinachoupa uongozi huo uzito mahali hapa ni ardhi. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amelikariri jina la Mangungo wa Msovero. Novemba 1884 Karl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, na mtu aliyehesabiwa kuwa mkubwa wa mahali pale akaweka alama yake kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Msovero hiyo ni Msowero ya Kilosa ya leo. Darasani tunaisimulia kama hadithi ya udanganyifu, na ni kweli. Lakini ndani yake kuna pia swali la utawala ambalo halijaondoka Kilosa mpaka sasa: nani ana mamlaka ya kuweka sahihi kwa niaba ya wengi, na wengi wana njia gani ya kumzuia?

Baada ya mikataba ilikuja reli ya kati, na kando ya reli yakaja mashamba makubwa ya mkonge: Kimamba, Rudewa, Ilonga, Msowero kwenyewe. Manamba waliletwa kutoka kila pembe ya nchi na ng'ambo ya mipaka yake, wakachanganyika na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Bei ya mkonge ilipoanguka, mashamba mengi yalibaki pori huku hati zikiwa mikononi mwa wamiliki wasioonekana, na vijiji vikabanwa katikati. Watoto wa manamba wakaanza kulima ndani ya mashamba hayo bila karatasi yoyote. Katika miaka ya karibuni serikali imefuta hati za mashamba pori kadhaa wilayani na kuagiza ardhi igawiwe wananchi. Hapo ndipo cheo cha mwenyekiti kinapopata thamani ambayo posho yake ndogo haiwezi kuieleza. Nani ni mkazi wa muda mrefu, nani amevamia juzi, nani ana familia, nani ameandikwa kwa jina la shemeji yake wa mjini: majibu ya mwanzo ya maswali haya yote hutoka ofisi ya kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilijaribu kulijibu swali la Msovero. Inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, na inautaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuidhinisha maamuzi makubwa. Kuna pia baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake. Kwa maandishi, ni mfumo mzuri kuliko ule wa majirani zetu wengi. Lakini mwenyekiti ndiye anayeongoza mkutano huo, na mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ndiye anayeandika mihtasari. Mwenyekiti asiyetaka kuulizwa haitishi mkutano, ingawa utaratibu unataka ukutane kila miezi mitatu. Kijiji kisicho na ushindani wa kweli kwenye uchaguzi hakina namna rahisi ya kumkumbusha.

Gharama ya uongozi wa kijiji usioaminiwa na upande mmoja imeshaonekana hapa. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji yaliyotokana na ng'ombe kuingia mashambani na jinsi walivyokamatwa. Mabwegere, kijiji cha wafugaji, kiligombana na vijiji jirani kuhusu mipaka kwa miaka mingi, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Mara nyingi migogoro hii huelezwa kama chuki ya makabila, au kama wingi wa mifugo tu. Nadhani maelezo hayo yanaacha kiini nje. Mfugaji anayeishi katika kijiji chenye wakulima wengi anajua kuwa mwenyekiti, wajumbe, mgambo na baraza la ardhi wote wametoka upande wa pili. Mkulima wa jirani na kijiji cha wafugaji anajua vivyo hivyo. Kila upande unaiona ofisi ya kijiji cha mwenzake kama mali ya adui. Faini, kukamata mifugo, mpaka wa malisho: mambo haya yanapoamuliwa na ofisi ambayo huna kura yenye maana ndani yake, unabaki na mahakama iliyo mbali au na silaha iliyo karibu.

Hapo ndipo suala la orodha ya wapiga kura linapokuwa zito. Kwa uchaguzi wa 2024 uandikishaji ulifanyika kwa siku kumi, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, na taifa zima likaandikisha watu zaidi ya milioni 31. Kigezo ni ukazi. Sasa fikiria Kilosa: mfugaji aliyehamisha ng'ombe kiangazi kufuata maji, mkata miwa wa Ruhembe anayekaa kambini msimu wa kuvuna tu, familia iliyojenga ndani ya shamba la mkonge ambalo halijawahi kuwa kijiji. Wote ni wakazi kwa maana ya kawaida ya neno hilo, na wote wanaweza kutiliwa shaka na mwandikishaji anayewajua, au anayejifanya hawajui. Daftari la kudumu la tume lina kadi, lina picha, lina kumbukumbu za miaka. Orodha ya kijiji huandikwa upya kwa siku chache na kutumika mara moja. Sioni sababu ya msingi ya nchi moja kuwa na madaftari mawili kwa watu wale wale.

Mbali na orodha, kuna chama. Historia inaeleza kwa nini chama tawala kina mizizi mirefu katika ofisi ya kijiji. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ukazivunja halmashauri za wilaya, na kwa miaka kumi wilaya ikaendeshwa na maofisa wa serikali kuu. Kisha ikaja Sheria ya Vijiji ya 1975, katikati ya operesheni ya kuhamia vijijini, na ikamfanya mwenyekiti wa tawi la TANU kuwa moja kwa moja mwenyekiti wa kijiji. Sheria Namba 7 ya 1982 ilirudisha halmashauri, lakini chama na kijiji viliendelea kuwa kitu kimoja mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Uchaguzi wa kwanza wa vijiji wenye ushindani ulifanyika 1994. Hata leo balozi wa nyumba kumi, ambaye kisheria ni kiongozi wa chama tu, bado huombwa kumtambulisha mgeni, na wazee wengi hawaoni tofauti kati yake na serikali.

Mwaka 2014 kulionekana dalili za mabadiliko. Vyama vya upinzani viliungana chini ya UKAWA, vifaa vikachelewa sehemu nyingi, na CCM ikamaliza ikiwa na takriban asilimia 80 ya vijiji nchini. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini uliacha kijiji kimoja kati ya vitano nje. Mwaka uliofuata jimbo la Mikumi lilimchagua Joseph Haule, mwanamuziki anayejulikana zaidi kama Professor Jay, kwa tiketi ya CHADEMA. Wengine waliuona ushindi ule kama umaarufu wa muziki tu. Mimi nauona kama ushahidi kwamba mpiga kura wa Mikumi, akiwekewa wagombea wawili wenye nguvu, hupima na kuamua. Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM chini ya Dennis Londo.

Lakini kwenye vijiji, kati ya 2015 na leo mlango ulifungwa. Katika uchaguzi wa 24 Novemba 2019 wagombea wengi mno wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu. Waziri wa TAMISEMI wakati huo, Selemani Jafo, alitangaza kuwarudisha, lakini vyama vikuu vya upinzani vilikuwa vimeshajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 CHADEMA na ACT-Wazalendo walirudi uwanjani, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi nao, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 katika mitaa, vijiji na vitongoji. Jambo moja lilikuwa bora: mgombea aliyebaki peke yake alipigiwa kura ya ndiyo au hapana badala ya kupita bila kupingwa. Lakini kura ya hapana haimleti mtu mwingine siku hiyo.

Lawama ya kuenguliwa hutupiwa wagombea kwamba hawajui kujaza fomu. Tuitazame njia yenyewe. Msimamizi wa uchaguzi ni mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ni mteule wa Rais. Walio chini yake ni watumishi wake. Rufaa dhidi ya uamuzi wao inakwenda kwenye kamati inayoongozwa na katibu tawala wa wilaya, mtumishi wa serikali ile ile. Kampeni ni siku saba. Mgombea wa kitongoji cha kata ya Vidunda, kule milimani ambako mvua ya Novemba ikianza usafiri unakuwa shida, atafikaje mjini Kilosa kufuatilia rufaa yake na kurudi kwa wakati wa kampeni? Utaratibu huu ungewashinda hata watu wasio na ubaya wowote mioyoni mwao.

Matokeo yake ni kwamba ushindani umehamia ndani ya chama. Kura za maoni za CCM ndizo sasa zinazoamua mwenyekiti katika vijiji vingi, na yeyote aliyeziona anajua zina joto la kweli: kuna kambi, kuna lawama za rushwa, kuna ndugu wasiosalimiana kwa miezi. Sizidharau. Zimewaondoa wenyeviti wabovu wengi. Lakini mpiga kura wake ni mwanachama mwenye kadi. Mfugaji asiye na kadi, Mkristo au Mwislamu aliyejitenga na siasa kwa imani yake, kijana aliyekuwa shabiki wa upinzani, hawa wote wako chini ya muhuri wa kijiji lakini wako nje ya chumba alikochaguliwa anayeushika.

Mji wa Mikumi una tatizo lake. Umekua kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia na njiapanda ya Kidatu na Ifakara, ukipakana na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964 yenye kilomita za mraba 3,230. Watu wake ni wenye nyumba za wageni, madereva, wauza vitunguu, wafanyakazi wa utalii na wakulima ambao usiku hulinda mahindi dhidi ya tembo. Tembo akivuruga shamba, taarifa huanzia kwa kiongozi wa mahali kabla ya kufika kwa afisa wanyamapori, na kifuta jasho, au kifuta machozi mtu akifa, hutegemea karatasi hiyo iliandikwa lini na vipi. Hata hivyo Mikumi ni mamlaka ya mji mdogo, na chini ya mji mdogo kuna vitongoji bila vijiji. Mwenyekiti wa mamlaka hupatikana kutoka miongoni mwa wenyeviti wa vitongoji wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji, chombo pekee ambamo mkazi wa kawaida anaweza kusimama na kudai mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote, unapotea mahali panapoitwa mji. Watu hufurahia kupandishwa hadhi. Wachache huambiwa wanachokiacha.

Na diwani? Yeye huongoza kamati ya maendeleo ya kata na hukaa kwenye baraza linalopitisha bajeti na kumchagua mwenyekiti wa halmashauri. Lakini mkono wake umefupishwa. Mkurugenzi hateuliwi naye. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na mapato ya ndani yakabaki ushuru wa mazao, leseni na tozo ndogo. Asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Asilimia 20 inatakiwa kurudi vijijini, na katika halmashauri nyingi nchini hairudi ipasavyo. Miradi mikubwa, kama reli ya kisasa iliyotoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki na kuanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, huamuliwa juu kabisa. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipowatoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao mjini Kilosa, ukarabati wa tuta haukuwa jambo ambalo baraza la madiwani lingeweza kulilipia. Diwani mzuri ni msemaji na msukumaji. Hiyo ni kazi yenye heshima, lakini tusiidanganye kata kwamba ni serikali.

Ajabu ni kwamba ngazi ya chini yake, iliyo maskini zaidi, imeonyesha inaweza kutawala pale inapopewa fedha yake yenyewe. Kuanzia 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, vikiwemo vya eneo la Ulaya upande wa Mikumi, viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na mashirika ya TFCG na MJUMITA kwa ufadhili wa Uswisi. Kijiji kilitenga msitu wake wa hifadhi, kikagawa vitalu vya kukata kwa zamu ili miti ichipue tena, na kikatoza ada kwa kila gunia. Fedha ilikuwa ya kijiji. Mkutano mkuu ukaamua iende wapi: darasa, zahanati, maji, ofisi. Ilipotokea hivyo mahudhurio ya mikutano hayakuhitaji mgambo, kwa sababu watu walikuja kuulizia fedha yao. Mwaka 2019 kanuni mpya za serikali kuu ziliibana biashara hiyo na kukipunguzia kijiji nafasi ya kuamua. Kwangu mimi hili ni somo kubwa zaidi la uchaguzi wa vijiji kuliko takwimu zote za ushindi. Kura hupata uzito pale anayechaguliwa anaposhika kitu ambacho waliomchagua wanaweza kukihesabu.

Wenzetu wamechukua njia tofauti. Zanzibar sheha huteuliwa, hachaguliwi kabisa. Uganda wenyeviti wa LC1 walikaa miaka 17 bila uchaguzi, mpaka Julai 2018, watu walipopanga mistari nyuma ya wagombea wao hadharani, namna inayozuia wizi wa kura lakini inamfichua mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Kenya inamruhusu mgombea binafsi hata kwa nafasi ya wadi. Sisi tunaendelea kudai kadi ya chama hata kwa mtu anayetaka kuongoza kitongoji cha kaya mia moja. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti la chama tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilikubaliana naye, Mahakama ya Rufani ikalirudisha suala kwa Bunge mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka kuwa Tanzania imevunja haki za raia kwa kuzuia mgombea binafsi.

Hukumu ile haijatekelezwa, na mjadala wake umebaki kwenye urais na ubunge. Kilosa ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia upande wa pili. Mwenyekiti wa kitongoji hatungi sera ya taifa. Anapatanisha mwenye ng'ombe na mwenye mahindi, anajua nani amehamia lini, anasaini barua. Sharti la chama linamnyima nafasi mzee wa Kimaasai anayeheshimiwa na pande zote mbili, au mwalimu mstaafu wa Kimamba asiyetaka kuvaa sare ya mtu, na halimpi mkazi faida yoyote ninayoiona. Kuliondoa katika ngazi ya kitongoji na kijiji, kutumia daftari la tume badala ya orodha ya siku kumi, na kuipeleka rufaa ya fomu kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kata badala ya ofisi ya katibu tawala, ni mambo yanayoweza kufanyika bila katiba mpya. Uchaguzi ujao wa vijiji unatarajiwa mwaka 2029. Kanuni zake zitatungwa na waziri, na rasimu yake inapaswa kusomwa vijijini mapema, kwenye mikutano ile ya kila miezi mitatu, huku mihtasari ikiandikwa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi.